Shahidi Aliyefungwa Ndani ya Jiwe

(Somo la historia kwa wanafunzi watu wazima, kama lilivyosomwa katika radio)

 

Katika masomo ya historia tumezoea kuuliza: Nani aliona? Nani aliandika? Panapo hati, twasoma hati. Panapo kaburi au ukuta wa kale, twachimba na kupima. Pasipo vitu hivyo, twawauliza wazee. Leo tutauliza habari za mambo yaliyotokea kabla ya mtu wa kwanza kuzaliwa, tena chini ya ardhi kilomita nyingi, mahali ambapo hakuna jicho lililowahi kufika. Je, mambo hayo yana historia? Na kama yanayo, shahidi wake ni nani?

Shahidi wake ni punje ya madini iliyo ndani ya jiwe. Punje hiyo haisemi uongo, lakini twaweza kuisikia vibaya, kama vile baraza laweza kumsikia vibaya shahidi mkweli. Basi somo letu lina sehemu mbili: jinsi watu walivyojifunza kumsikiliza shahidi huyu, na jinsi walivyobishana juu ya maana ya maneno yake.

JIWE LINALOGEUKA BILA KUYEYUKA

Ukipanda milima ya Uluguru, au Upare, au Usambara, au ukivuka mpaka ukafika vilima vya Taita huko Kenya, utaokota mawe yanayometameta. Mengi yana vipande vyembamba mno ving'aavyo kama kioo, navyo hubanduka kwa ukucha. Huo ndio ulanga, na huko Uluguru ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Pengine katika jiwe hilo hilo utaona punje nyekundu, ngumu, ndogo kama mtama au kubwa kama gololi. Hizo ni ganeti. Jina lake latokana na neno la Kilatini la komamanga, na yeyote aliyepasua komamanga kwa kisu ataelewa sababu yake mara moja. Hata kito cha kijani kiitwacho tsavorite, kilichopewa jina la Tsavo, ni aina mojawapo ya ganeti, ijapokuwa rangi yake ni nyingine.

Sasa elewa jambo moja kubwa. Mengi ya mawe yenye ulanga na ganeti yalikuwa zamani tope la chini ya maji. Tope hilo lilifunikwa na tope jingine, likashindiliwa hata likawa jiwe, kisha likazamishwa ndani ya ardhi wakati vipande vikubwa vya nchi viliposukumana na kukunjana. Huko chini kuna joto kali na uzito mwingi. Katika mawe yaliyotokana na tope, ganeti kwa kawaida huanza kuota penye joto la kiasi cha digrii 450 hadi 500 za sentigredi. Lakini jiwe haliyeyuki. Laendelea kuwa gumu, ila madini yake ya kwanza yanavunjika polepole na mengine yanaota mahali pake, chembe kwa chembe. Jiwe la namna hii twaliita jiwe lililogeuka.

Likikandamizwa huku likigeuka, vipande vya ulanga hujipanga upande mmoja, kama majani makavu yaliyolaliwa na mzigo. Ndiyo maana jiwe hilo hupasuka bapa bapa. Ukija mkandamizo wa pili, waweza kuyakunja matabaka ya kwanza na kufanya mapya, hata yale ya kwanza yasionekane tena. Hapo ndipo penye shida ya mwanahistoria: mkandamizo wa mwisho hufuta maandishi ya ule uliotangulia.

Lakini haufuti yote. Bila shaka umepata kusikia habari za sandarusi, utomvu wa mti uliogeuka kuwa mgumu, ambao zamani wafanyabiashara wa Unguja na Bagamoyo waliuuza Ulaya na Marekani kwa kutengenezea vanishi. Mara nyingine katika kipande cha sandarusi huonekana sisimizi aliyenaswa. Mti umekwisha kuoza, msitu umetoweka, lakini sisimizi yumo vile vile alivyokuwa siku ile. Ganeti nayo hunasa vivyo hivyo. Inapokua hufunga ndani yake chembe za kwatsi na za madini mengine, na chembe hizo hubaki zimejipanga mstari kama zilivyokuwa katika tabaka siku zilipomezwa. Nje jiwe laweza kukunjwa mara ya pili na ya tatu. Ndani ya ganeti mstari wa zamani umetunzwa.

RAMANI YA JOTO

Kwa macho matupu mstari huo hauonekani vizuri. Ilibidi kwanza apatikane mtu wa kulifanya jiwe lipitishe nuru. Miongoni mwa wa kwanza alikuwa Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, ambaye kuanzia mwaka 1849 hivi alikata vipande vya mawe, akavisaga mpaka vikawa vyembamba mno, akavitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, ambayo siku hizi twaiita hadubini. Leo kipande cha namna hiyo husagwa mpaka unene wake uwe sehemu tatu za mia za milimita moja. Mwaka 1853 Sorby aliandika kwamba mawe ya vigae hupasuka bapa bapa kwa sababu yalikandamizwa, wala si kwa sababu tope lake lilitua hivyo.

Baadaye katika nyanda za juu za Uskoti alifanya kazi George Barrow, mtumishi wa idara ya upimaji wa miamba. Mwaka 1893 Barrow alichapisha habari za bonde la Glen Clova na nchi inayolizunguka. Alionyesha kwamba madini fulani hutokea katika mawe kwa utaratibu: ukitembea kutoka upande mmoja wa nchi kwenda upande wa pili wakutana na dini hili kwanza, kisha lile, kisha jingine, kadiri mawe yalivyopata joto zaidi. Kazi yake ya baadaye, na kazi ya wengine waliomfuata, iliukamilisha mpango huo, na ganeti ilipata mahali pake katikati: baada ya ulanga mweusi, kabla ya madini yatakayo joto kubwa zaidi.

Jambo hilo lilikuwa na faida kubwa. Tangu hapo mtu aliweza kuokota jiwe na kukadiria lilifika kwenye joto gani. Lakini Barrow alitupa ramani ya joto, hakutupa kalenda. Mtu alijua jiwe lilipata moto, asijue kama moto ulikuja kabla ya kukunjwa, au wakati wa kukunjwa, au baadaye.

KALENDA

Mtu aliyeipanga kalenda hiyo vizuri ni Mholanzi, H. J. Zwart. Mwaka 1962 alichapisha kazi yake juu ya mawe ya Bosost, katika milima ya Pyrenees iliyoko mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Alichukua kila dini lililokua kubwa na kuuliza: mistari iliyo ndani yake inapatanaje na matabaka yaliyo nje? Nitakuelezea kwa mifano mitatu, nawe waweza kuichora katika daftari lako.

Mfano wa kwanza. Matabaka ya ulanga yamepinda kuizunguka ganeti kama maji ya mto yanavyozunguka jabali. Na pembeni mwa ganeti, pande mbili, kwatsi imejikusanya kama mchanga unaotulia nyuma ya jabali. Hapo ganeti ilikuwako kabla ya mkandamizo huo. Ilikuwa ngumu, ikaukataa, nayo matabaka yakalazimika kupita kando.

Mfano wa pili. Mistari inaingia ganeti upande mmoja na kutokea upande wa pili, imenyooka na matabaka ya nje, bila kupinda wala kukatika. Hapo ganeti iliota baada ya mkandamizo, wakati jiwe limetulia.

Mfano wa tatu. Mstari wa ndani umepinda kama herufi S, na ncha zake zinaungana na matabaka ya nje. Hapo ganeti ilikuwa ikikua wakati jiwe likiendelea kukandamizwa na kuteleza.

Lakini jihadhari. Ukisema "kabla" au "baada," lazima useme kabla ya lipi na baada ya lipi. Ipo ganeti ambayo mistari yake ya ndani imenyooka, lakini imekaa mshazari na matabaka ya nje, na matabaka hayo yameizunguka. Ganeti hiyo iliota baada ya mkandamizo wa kwanza, ikakuta mistari imekwisha pangwa. Tena iliota kabla ya mkandamizo wa pili, ndio uliopinda matabaka ya nje. Ni kama mtu aliyezaliwa mwaka 1925. Amezaliwa baada ya vita au kabla ya vita? Majibu yote mawili ni kweli, maana vita vilikuwa viwili. Na tazama: mkandamizo wa kwanza huenda umefutwa kabisa mahali pengine pote katika jiwe. Kama si punje hiyo moja, tungeapa kwamba mlima ulikunjwa mara moja tu.

UGOMVI WA WATAALAMU

Sasa twafika penye mabishano, nayo ni juu ya ule mfano wa tatu.

Chukua tonge dogo la ugali, uliweke kati ya viganja vyako viwili. Sukuma kiganja kimoja mbele, vuta kingine nyuma. Tonge litabingirika. Wataalamu wengi walisema hivyo ndivyo ilivyopata ganeti: jiwe la juu liliteleza huku, la chini likateleza kule, ganeti iliyo katikati ikabingirika huku ikikua, na mistari iliyomezwa ikajizungusha ndani yake. Mwaka 1918 Walter Schmidt wa Austria aliandika juu ya nyayo za mwendo zilizomo ndani ya madini ya namna hii. Mwaka 1970 John Rosenfeld wa Marekani alitoa kitabu kizima juu ya ganeti zilizobingirika, hasa zile za jimbo la Vermont, ambako nyingine mistari yake imezunguka duara nzima na zaidi. Kwa hesabu hiyo, kadiri mstari ulivyozunguka ndivyo jiwe lilivyoteleza. Ganeti ikawa kama kipimo cha mwendo wa mlima.

Mwaka 1985 mtaalamu wa Australia, T. H. Bell, alipinga. Alisema ganeti nyingi hazikubingirika hata kidogo. Ili uelewe maneno yake, fikiria nguzo iliyosimikwa pwani penye majani ya baharini. Maji yajaa, majani yalala upande huu. Maji yapwa, majani yalala upande ule. Nguzo haikugeuka, kilichogeuka ni majani. Bell alisema vivyo hivyo ganeti ilisimama mahali pake, na matabaka ndiyo yaliyobadili upande mkandamizo baada ya mkandamizo. Kila mara ganeti ilipokua kidogo ilimeza tabaka la wakati ule, na vipande hivyo vikiungana vyaonekana kama mstari mmoja uliopinda.

Pengine wauliza, ndugu msikilizaji: ugomvi huu wafaa nini? Wafaa sana. Akiwa Rosenfeld yuko sawa, mstari wenye umbo la S wasimulia mtelezo mmoja mrefu. Akiwa Bell yuko sawa, mstari ule ule wasimulia mikandamizo kadhaa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na upande wake. Jiwe ni moja na punje ni moja, lakini historia za mlima ni mbili.

Mwaka 1992 wataalamu wanne walitoa jibu la kumpinga Bell, na kichwa cha makala yao kilikumbusha maneno ambayo husemwa kuwa ni ya Galileo juu ya dunia kuzunguka. Miongoni mwao alikuwamo Zwart yule yule wa Pyrenees. Tangu hapo watu wamefanya majaribio ya kukandamiza vitu laini vyenye punje ngumu ndani, na wengine wamepiga ganeti picha za eksirei kutoka pande zote, kama zile wapigwazo wagonjwa hospitalini, ili waone umbo lote la mstari bila kutegemea mkato mmoja. Wengi sasa hukubali kwamba ziko ganeti zilizobingirika kweli. Lakini Bell aliwafundisha jambo ambalo halikusahauliwa: umbo la mstari peke yake halitoshi kuthibitisha kwamba punje ilizunguka. Kila jiwe lahojiwa upya.

Ndiyo maana mpimaji wa miamba aliye mwangalifu, kabla ya kuling'oa jiwe mlimani, hulitia alama ya upande wa kaskazini na alama ya juu. Jiwe lililong'olewa bila alama ni kama shahidi asiyejua alikuwa amesimama wapi siku ya tukio. Husema kweli, lakini haisaidii kesi.

SAA NDANI YA PUNJE

Kalenda ya Zwart hutaja utaratibu tu: hili kwanza, lile pili. Haitaji miaka. Miaka ilipatikana kwa njia nyingine. Katika madini mna asili nyingine ambazo hujigeuza polepole kwa mwendo usiobadilika, kama vile rubidi inavyogeuka kuwa stronti. Mwaka 1989 watu watatu, mmoja wao akiwa Rosenfeld, walipima ganeti kubwa za Vermont kwa njia hiyo, katikati yake na ukingoni mwake. Waliona kwamba kutoka kuanza mpaka kumaliza kukua, ganeti hizo zilichukua kwa kadiri miaka milioni 10. Tafakari jambo hilo. Punje inayokaa katika kiganja chako ilikuwa ikiandika kwa miaka milioni 10, nayo iliandika kutoka ndani kwenda nje, kama mti uongezavyo pete zake.

Na maandishi hayo si ya mistari peke yake. Mashine zilizoanza kutumika katika kazi hii miaka ya 1960 huweza kupima sehemu ndogo sana ya punje, nazo zilionyesha kwamba katika ganeti nyingi manganizi ni nyingi katikati na hupungua kuelekea ukingoni. Badiliko kama hilo la mchanganyiko husaidia kukadiria joto na uzito uliokuwapo wakati kila pete ilipoota. Basi punje moja yaweza kutueleza mambo matatu: jinsi jiwe lilivyokunjwa, jinsi lilivyopata joto, na muda lililochukua.

USHAHIDI WA MILIMA YETU

Turudi nyumbani. Mwaka 1951 Arthur Holmes, Mwingereza ambaye alikuwa amefanya kazi Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana, alichapisha makala iliyoupa jina la Ukanda wa Msumbiji ule mstari mrefu wa mawe yaliyogeuka unaopita mashariki mwa Afrika. Uluguru, Upare, Usambara na Taita ni sehemu ya ukanda huo. Zilipopimwa kwa saa ya madini, sehemu kubwa za milima hiyo ya Tanzania zilionekana kuwa zilipata joto lao kuu miaka kama milioni 640 iliyopita. Wakati huo nchi zilizokuwa mbalimbali zilikuwa zikikusanyika kuwa bara moja kubwa liitwalo Gondwana.

Wengi walitazamia kwamba mawe haya yangesimulia hadithi ya kawaida ya milima iliyogongana: jiwe lazamishwa, lapata joto, kisha lapandishwa juu lingali moto. Mwaka 1998 wataalamu watatu kutoka Ujerumani, Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk, walieleza walichokiona katika mawe ya Uluguru, Upare, Usambara na majirani zake. Katika mengi ya mawe hayo ganeti imeota kama ukingo mwembamba mahali ambapo madini mawili ya zamani yalikutana. Ukingo wa namna hiyo huota jiwe linapopoa likiwa bado chini sana. Maana yake, mawe haya yalifika joto la kiasi cha digrii 800 kwenye kina cha kilomita 30 na zaidi, kisha yakapoa polepole huko huko chini, bila kukimbilia juu. Kwa hiyo wakasema joto hilo halielezwi na mgongano wa mabara peke yake. Unaona? Baraza lilikuwa limekwisha kutayarisha hukumu, na shahidi mdogo akasema neno jingine.

Hilo ndilo funzo la leo, ndugu msikilizaji. Historia ya mambo ya kale mno si hadithi ya kubuni, wala si kitu cha kupokea kwa sababu mkubwa fulani amesema. Ni kesi yenye ushahidi. Shahidi mmoja hutazamwa ndani na nje. Huulizwa kabla ya nini na baada ya nini. Hulinganishwa na wenzake. Na hata baada ya hayo huenda watu wenye akili wasikubaliane, mpaka apatikane mtu wa kupima upya. Siku utakapopita penye jiwe lenye punje nyekundu, simama kidogo ulitazame. Angalia kama ulanga umeizunguka punje au umepita moja kwa moja. Ukiona hivyo, umekwisha kusoma mstari wa kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkandamizo wa pili waweza kuficha ule wa kwanza? Ganeti yazuiaje jambo hilo?
2. Chora ganeti iliyoota baada ya mkandamizo wa kwanza na kabla ya wa pili.
3. Rosenfeld na Bell walitazama mistari ya namna moja wakafikia maneno mawili. Toa mfano wa kesi nyingine, ya kijijini au ya mjini, ambamo ushahidi mmoja ulipata maana mbili. Iliamuliwaje?
4. Kwa nini jiwe hutiwa alama kabla ya kung'olewa?

Kwa leo tumefika mwisho. Kwaherini.